Jina Lako Kwenye Daftari la Makosa

Mwalimu Kyalo,

Sikuandikii kukusalimia tu. Nina mashtaka, na mengine ni yangu mwenyewe.

Tumehama. Lile daftari letu la makosa, ule ukurasa wa mtandaoni ambapo wafugaji nyuki huandika kila kinachoharibika kwenye programu yetu na sisi tunawajibu, halipo tena pale ulipoliacha. Ulisema programu ya mizinga ni ya watu wote, anayetaka aifungue ndani asome na atengeneze, na kweli watu wakaja. Mmoja wao ni Muthiani wa Matinyani. Wewe ulimjua kwa kuandikiana tu. Mimi nimekutana naye ana kwa ana pale Kabati mara mbili, na mara zote mbili niliondoka nimeukumbatia mkoba wangu.

Hata miezi mitatu ilikuwa haijaisha tangu tukuzike, akasema tuhame. Ati ukurasa wa zamani haufunguki kwa simu ndogo, na wazee wamechoka kujaribu. Ni kweli, mimi mwenyewe nimeusubiri hadi chai ikapoa. Lakini nikajiuliza, mbona sasa? Ulipokuwa hai mbona hakuwa na haraka? Kisha akanipigia. Alijua barua pepe yako iko mikononi mwangu, tangu siku ile hospitalini uliponiandikia nenosiri nyuma ya karatasi ya dawa. Akaniambia kutaingia humo ujumbe kwa jina lako, wenye namba sita, nimsomee.

Mwalimu, si wewe uliyetufundisha pale Emali kwamba mtu akikuomba namba ulizotumiwa kwa ujumbe, ukate simu? Nikakata. Kesho yake akapiga tena, nikakata. Mara ya tatu akaniandikia maelezo marefu, nikayafuta bila kuyamaliza. Nilijiambia huyu anataka kuingia kwa mlango wako, avae jina lako, halafu kesho tuambiwe programu ni yake. Hata Mama Nduku, mke wako, nilimwonya asipokee simu yake.

Basi akahamisha hivyo hivyo. Siku nilipofungua ukurasa mpya niliusoma kutoka juu hadi chini. Maneno yako yote yapo, hata mizaha yako na watu wa Mwingi, lakini juu ya kila jibu limeandikwa Muthiani. Miaka yako saba yote, Muthiani. Nililia kwa hasira, kisha nikaandika kwenye kundi letu la simu, watu wote wakisoma: "Hata mtu akihamisha mzinga kutoka mti mmoja hadi mwingine, hachomi alama ya ukoo wake juu ya alama ya mwenyewe. Wewe ni mwizi."

Hakunitukana, na hilo pia nikalishuku. Aliandika mistari miwili: "Zile namba zilikuwa za kuthibitisha kuwa Mwalimu ni Mwalimu. Bila hizo, kila alichoandika kinahesabiwa kuwa cha anayehamisha."

Nikaenda kusoma maelekezo ya ukurasa mpya neno kwa neno, nikitafuta uongo wake. Haukuwepo. Ni mimi niliyelifuta jina lako, Mwalimu. Nililifungia ndani nikidhani ninalilinda. Na nikuambie ukweli, niliogopa kuifungua barua pepe yako. Mradi ilikuwa imefungwa na ufunguo ninao mimi, nilijiona bado mtu wako wa karibu.

Jumamosi nikaifungua. Nikampigia Muthiani, nikamsomea namba zote sita. Hakunicheka. Alifuta yote akahamisha upya.

Kitu ambacho hatukujua, mimi wala yeye, ni kwamba jibu likithibitishwa kuwa la mwandishi wake, ukurasa mpya humtumia ujumbe aliyejibiwa. Saa nne asubuhi simu zikalia kuanzia Emali hadi Matinyani: "Mwalimu Kyalo amekujibu." Mama Nduku akanipigia pumzi zikimkatika, akitaka kujua ni nani anayelichezea jina la mume wake. Nilimweleza. Halafu akaomba nimsomee jibu moja.

Baada ya simu yake niliketi kumwandikia Muthiani ombi langu la msamaha, kwenye kundi lile lile. Nilikuwa nimefika mahali pa kusema, "Samahani, lakini na wewe ungejieleza vizuri." Simu ikalia, zamu yangu ikawa imefika. Lilikuwa jibu lako kwa ripoti yangu ya kwanza kabisa, ile ambamo nilimlaumu Mzee Nzioka, mfugaji nyuki mwenzetu, kwamba anabonyeza vibaya, kumbe kitufe ndicho kibovu. Nilikuwa nimelisahau. "Mwikali, kabla hujamlaumu mtu, jaribu mwenyewe kwanza."

Nikaifuta ile "lakini" na yote yaliyoifuata, nikatuma.

Bado ninaangalia kila kitu Muthiani anachobadilisha, sitakudanganya. Ila nakuahidi nitakuwa nikijaribu mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Pumzika, Mwalimu wangu. Ujumbe wako sijaujibu, maana sijui niandike nini.

Mwanafunzi wako,
Mwikali