Nyanya, Hukuomba Ngoma za Bendi

Kwa nyanya yangu wa Rukanga, mama yake mama,

Barua hii nimeiandika ili isomwe na kila mtu. Nikimaliza nitaibandika kwenye ukuta wa duka, pale wanapobandika matangazo ya chanjo ya ng'ombe, kwa sababu kosa lenyewe nililifanya mbele ya watu na si haki niliungame kwa kunong'ona. Unanijua. Mimi ndiye yule uliyemtuma chumvi kwa jirani akarudi mikono mitupu, maana aliona haya kubisha hodi. Kuandika afadhali, hakuna kuangaliana usoni.

Jumamosi watoto walikuwa wakirudisha mbuzi mapema, wanakuja uani kwako na vumbi la mlima Kasigau hadi kwenye kope. Ulipanga wadogo mbele. Ulitufundisha nyimbo za kuvuna, za kubembeleza mtoto, na ule wa kumcheka mvivu, ambao kila mara tuliutia jina la mjomba, naye akiusikia alipitia nyuma ya nyumba. Mguu wa mtu ukikosea hukugomba. Ulisema tu, "Mguu wako umesikia wimbo mwingine. Rudi." Na uji ulitangulia, kwa sababu mtoto mwenye njaa, ulisema, anaimba akiangalia sufuria.

Shuleni mambo yalikuwa mengine. Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, tulikiacha getini, na aliyekisahau mdomoni alivishwa kibao shingoni mpaka amnase mwenzake akikisema. Kwa hiyo Kiingereza nilikijua upesi na vizuri, lakini nilikijua kwa woga.

Ndipo akaja yule mama wa Kizungu wa shirika la misaada, mimi nikiwa darasa la saba. Alikuwa amesikia kuna nyanya anayefundisha watoto ngoma, akataka kusaidia. Hakutaka kutafsiriwa na mwalimu mkuu. Alitaka kusikia kutoka kwa mtoto. Nikasukumwa mbele. Mwalimu mkuu aliniinamia kwanza, akaniambia majibu yawe mafupi na nisiaibishe shule.

Nawe ulikuwa umeitwa shuleni, na mgeni akakuuliza watoto wanahitaji nini. Ukajibu wanahitaji ngoma, halafu ukaeleza ngoma ni nini. Ni Jumamosi ambayo mtoto haitwi kuchunga. Ni dada yako wa Marungu, anayejua nyimbo ulizozisahau wewe, alipwe kwa kuacha shamba lake, kwani hata mwalimu wa hesabu analipwa. Ni uji. Ni lori la kuwapeleka Voi mara moja kwa mwaka, nao waonekane. Za kupiga, ulisema, tunazo mbili alizowamba babu yenu, na hazijapasuka.

Macho yote yalikuwa kwangu. Mwalimu mkuu akakohoa. Nikasema kwa Kiingereza kwamba nyanya anaomba ngoma, na neno nililotumia ni lile la chombo cha kupigwa kwa fimbo. Basi. Mgeni akatabasamu, akaandika neno moja.

"Mbona maneno yangu yamekuwa machache hivyo?" ukaniuliza.

"Kiingereza ni kifupi, nyanya."

Ukacheka. "Basi ni lugha ya watu wenye haraka."

Ningeweza kusema nilikosea kwa utoto. Sikukosea. Nilijua neno lile halibebi hata robo ya ulichosema, na nilijua maneno mengine ya kuongeza. Niliyameza kwa sababu nilitaka kurudi kukaa.

Ngoma zikaja, kweli. Nyekundu, zenye mikanda na pete za chuma zinazong'aa, za kutembea nazo gwaride. Uligonga moja kwa ukucha ukasema inalia kama karai. Mwalimu mkuu akaunda bendi ya kumpokea DO, mkuu wa tarafa, siku za sikukuu, akachagua watoto warefu wenye viatu, maana gwaride la miguu mitupu lingemwaibisha. Wale wadogo wako wa mbele, hakuna hata mmoja aliyekuwa na viatu. Walisimama nje ya ua wa shule wakiangalia msaada wao ukipita.

Mwaka uliofuata ulikwenda kwa chifu kuomba tena. Karani alifungua faili, akakuambia, "Mama, nyinyi mlishapewa ngoma." Nilikuwa nimekushika mkono. Uliniangalia kidogo, ukageuka, tukarudi nyumbani. Mpaka leo sijui kama siku ile ulielewa. Kama ulielewa, hukuniuliza, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kiboko chochote.

Uliendelea kwa mahindi yako mwenyewe. Dada yako wa Marungu alikuja mara tatu, kisha mvua ikanyesha na palizi ikamzuia. Watoto wakapungua. Kiangazi ulipotuacha walikuwa wamebaki sita. Kwenye mazishi kila aliyesimama alikusifu kwamba ulifanya mengi bila msaada wa mtu. Nilitamani kupiga kelele. Bila msaada! Wanasema kana kwamba ulichagua. Nimechoka kusikia watu wa huku tukisifiwa kwa kukosa. Watoto wa mjini wakipewa piano hakuna anayewasifu kwa kuimba bila piano.

Sasa nikuambie ya Alhamisi. Niko likizo, nimefika kidato cha pili. Shirika lile lilituma kijana kutoka ofisi yao ya Nairobi kuona ngoma zinavyotumika. Bendi ikapiga, wazazi wakapiga makofi, naye akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama. Sikujua nimesimama mpaka nilipoona mama anavuta sketi yangu.

Nilisema mimi ndiye niliyetafsiri, na nilitafsiri vibaya. Nyanya hakuomba ngoma za bendi.

Mwalimu mkuu akacheka. "Kaa chini, msichana. Wewe hata jina lako ukiulizwa unaangalia vidole vya miguu."

Watu wakacheka pia, mjomba akiwa wa kwanza. Nilikuwa naviangalia kweli. Lakini nikaendelea kusema nikiviangalia hivyo hivyo, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili ili wazazi wasikie: Jumamosi, dada yako, uji, lori. Yote. Kufika kwenye lori hakuna aliyekuwa akicheka. Mama alikuwa ameachilia sketi.

Yule kijana akauliza kama basi tunataka ngoma zirudishwe. Nikasema hapana, zikae, wenye viatu wazipige. Ila ombi la nyanya halijawahi kujibiwa, kwa sababu halijawahi kufika. Akasema, kwa upole, kwamba faili la Rukanga limefungwa.

"Basi fungua jingine," nikamwambia.

Nyanya, sauti ile ilitoka kwangu. Akasema niandike ombi, nilipeleke ofisi ya maendeleo Voi, nao watalipeleka Nairobi. Hakuahidi kitu. Mwalimu mkuu aliniambia nje kwamba nisitegemee barua nzuri kutoka kwake siku nitakapotafuta kazi. Nikamuaga, nikaenda zangu.

Nimeandika kurasa tatu. Neno ngoma sikulitafsiri. Nimelieleza, na maelezo yamejaza ukurasa mzima. Dada yako ameweka dole gumba lake chini, na wazazi kumi na wanne wametia sahihi, mjomba akiwemo, ingawa aliuliza kama jina lake litaendelea kuwa kwenye wimbo. Nilimwambia litaendelea.

Najua wanaweza kukataa. Wakikataa nitaandika tena, na sitawapa nafasi ya kusema watu wa Kasigau hawakuomba. Msamaha nakuomba hapa mbele ya kila anayesoma, lakini siwezi kukaa tu nikiusubiri.

Lori la makaa linashuka Voi kesho asubuhi na dereva amekubali kunibeba. Karani akiniambia nirudi siku nyingine, nitakaa kwenye benchi lao. Mama amenifungia viazi. Likizo bado ina siku kumi na mbili.

Lala, nyanya.

Mjukuu wako, mkalimani wako