Mbao Ulizoniachia

Likasi, Kikula,
Tarehe 11 Februari 2024

Mpendwa mdogo wangu Josée,

Pokea salamu kutoka kwa mkono unaotetemeka. Ukiona mistari inapanda na kushuka, usidhani nimelewa. Habari za Kalemie? Magoti yako bado yanakufikisha kanisani? Augustin mume wako amepona kikohozi? Dagaa uliompa yule dereva wa lori walifika wakavu na wazuri, tukawala na bukari ya mahindi wiki nzima. Gertrude anakushukuru sana.

Kwa upande wangu sitakuficha. Miguu imevimba, pumzi ni fupi, na kutoka kitandani hadi mlangoni ni safari inayotaka mapumziko katikati. Daktari zamani alikuwa ananigombeza; siku hizi anasema nami kwa upole. Nimeelewa. Sikuandikii ili ulie. Nimechoka tu, sina nguvu ya kuandika mara mbili, kwa hiyo yote yatakuwa humu.

Mvua za mwaka huu hazina huruma. Udongo mwekundu umeingia mpaka jikoni. Mboga za lengalenga zimestawi nyuma ya nyumba, lakini mihogo ya upande wa mtaro imeoza yote. Gertrude huamka kabla ya watu wote: achote maji, achume mboga, abebe mayai sokoni, kisha arudi kuniosha mimi. Tangu mwanangu Rolly afukiwe na shimo la madini kule Kambove, huyu mjane wake ndiye mtoto niliyebaki naye. Watu walitazamia atarudi kwa wazazi wake. Hakurudi.

Sasa habari ya kuku. Kibanda cha zamani unakikumbuka: miti iliyochomekwa ardhini, matope chini, bati lililotoboka juu. Kuku walikuwa wanalala juu ya unyevu, wanakoroma kifuani kama mimi, wanakufa mmoja mmoja. Mwezi wa kumi na moja siafu wakaingia. Asubuhi tulikuta mitetea waliokuwa wakiatamia wamebaki manyoya na mifupa. Hawakutaka kuyaacha mayai. Siku ya mazishi ya Rolly, Gertrude alilia kama watu wote. Siku hiyo ya siafu hakulia. Aliketi kwenye matope akawakusanya ndani ya beseni, na hilo lilinitisha.

Unajua kazi yangu kiwandani ilikuwa kuchora ramani za mashine. Nikaomba penseli. Nikachora nyumba ya kuku iliyoinuliwa juu kimo cha kiuno, sakafu yenye nafasi kati ya ubao na ubao ili kinyesi kidondoke na kwenda bustanini, wavu upande wa jua la asubuhi, viota nyuma penye giza. Kila mguu usimame ndani ya kopo la mafuta machafu ya gari, siafu wasipande. Ni mchoro wangu wa mwisho, na hauna kosa.

Lakini mchoro hausimami bila mbao. Na mbao, Josée, zilikuwa chini ya kitanda changu.

Ndiyo, zile zile. Mbao nyekundu za mulombwa ulizoniachia baada ya kumzika kaka yetu Casimir. Yeye tulimzika katika sanduku la mbao za kreti ya mashine, na maandishi ya kigeni yakaonekana kupitia rangi mbele ya kanisa zima. Ukaapa kwamba mimi sitaondoka hivyo. Miaka yote hii nimelala juu ya jeneza langu, wala halikunisumbua. Mwezi wa kumi na mbili nikamwita Idriss, seremala jirani yetu, nikamwambia azitoe.

Idriss alizipapasa, akatikisa kichwa. “Mzee, batu ba kwenu munasumbukaka bure. Shiye Baislamu banatufungaka mu sanda, tunaenda. Sasa kuku njo bataingia mu sanduku yako mbele yako weye?”

Gertrude hakucheka. Alisimama mlangoni, akaziba njia. “Papa, minye siko mu ile maneno. Siku utakufa, tantine Josée ataulizia mbao. Batasema minye njo niliuzisha. Batanifukuza na sufuria moja.”

Nikamwambia nitakuandikia, nikueleze. Akajibu, “Andika kwanza. Kisha Idriss apige musumari.”

Sikumsikiliza. Idriss akapiga misumari, naye Gertrude akaingia ndani akafunga mlango. Nyumba ya kuku ilikwisha kabla ya Noeli, na barua ndiyo hii, Februari. Nilikuwa nakuogopa. Mzee mzima, namwogopa mdogo wangu. Wakati huo wote, kila nikikohoa, Gertrude anaitazama ile nyumba ya kuku.

Basi nakiri mbele yako na mbele ya Mungu: hakuna aliyeiba. Mbao nimezitoa mimi, kwa akili zangu timamu, yeye akikataa.

Nakiri na jingine. Unamkumbuka mjane wa Casimir? Sisi tulibishana juu ya lile sanduku mpaka matanga yakaisha, naye akaondoka na mfuko mmoja, hakuna aliyemzuia. Kuku wake tuliwala sisi waombolezaji. Mimi nilipewa paja, nikala. Hilo ndilo linalonirudia nikikosa usingizi. Maandishi ya kreti hayanirudii.

Nimesema mbele ya wanashirika wetu wa kanisa, na mbele ya Idriss, kwamba nyumba, bustani na kuku ni vya Gertrude. Lakini wewe unajua kwetu: kwenye matanga, neno la shangazi ndilo linalosikika. Ukinyamaza, wengine watasema. Nakuomba uwe wa kwanza kusema. Ukifika, hata kabla ya kunililia, mwite Gertrude mwanangu, watu wote wasikie. Ukitaka kuziona mbao zako, inama chini ya nyumba ya kuku. Hazijaoza.

Usimruhusu mtu kuzing'oa kwa ajili yangu. Mtetea mwekundu ameanza kuatamia tena. Mimi nizikeni na mbao za kreti kama Casimir. Mwambieni fundi ageuze maandishi upande wa ndani, nipate kitu cha kusoma.

Nisalimie Augustin na binti yenu Carine, pamoja na wajukuu wote ambao majina yao yananichanganya. Mwambie Carine nyimbo alizotuimbia bado nazisikia. Mungu awape mvua ya kiasi, samaki wa kutosha, na mtu wa kuwaosha miguu siku ikifika.

Ni mimi, yaya wako, kaka yako mkubwa akupendaye, hata leo ukikasirika,

Hilaire