Robota Lenye Fundo la Delta

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nafasi wamempa Sabra! Miaka mitatu nachambua taka kiwandani hapa Kibiti, yeye miezi minane – na ndiye anayekwenda kukaa chumba cha mitambo, kwenye feni, kuangalia kompyuta ya moshi. Injinia Bashiru kasema ana macho makini. Yangu mimi ya kukatia vitunguu? Na helmeti nyeupe wamemvika. Imempendeza, hilo ndilo linaloniuma.

Jumatano, 6 Agosti
Sabra kapita bandani tunapochambulia, kutuamkia. Shikamoo dada Mwanawetu, kwa adabu zote. Afadhali angeringa, nikapata la kusema. Eti tanuru la chokaa sasa linachoma taka na moshi hauonekani, joto likishuka tu yeye anajua. Taka hizo kazichambua nani? Nikaitika marahaba, nikainama. Wivu ninao, sikatai.

Ijumaa, 8 Agosti
Zimeletwa nyavu chakavu kutoka kwa wavuvi wa kwetu Delta, zimekakamaa kwa chumvi. Sheria naijua: zioshwe kwanza. Chumvi ikiingia tanuruni hutoa gesi kali, na machujio ya bomba la moshi yanaharibika. Nimezifunga robota hivyohivyo, juu nikafunika magunia. Robota moja tu! Kompyuta yake ipige kelele kidogo, tuyaone hayo macho makini.

Jumamosi, 9 Agosti
Haikuwa kidogo. Saa nne king'ora, kisha moshi mweupe ukashuka hadi bandani, unawasha koo. Zuhra, jirani yangu wa meza, ana pumu. Kabebwa zahanati. Bashiru kamsimamisha Sabra kazi – eti alichelewa kuzuia taka zisiendelee kuingia. Helmeti kaiacha kitini. Nilifurahi. Kweli nilifurahi, mpaka nilipomwona Zuhra anabebwa.

Jumapili, 10 Agosti
Sabra kaja nyumbani. Zuhra hajambo kidogo, kasema, katoka kumtazama. Halafu akatoa kipande cha kamba. Kamba za robota hukatwa kabla ya kuingiza taka tanuruni. Yeye kaiokota hii sakafuni karibu na tanuru, ina chumvi.
"Dada, fundo hili si la huku kwetu juu. Bandani nani anafunga hivi?"
Nikasema sijui. Wenzangu wote bandani watu wa bara, mimi tu wa Delta. Fundo la kushonea nyavu, kanifundisha baba nikiwa na miaka sita.
Kanywa uji wangu, kashukuru, kaenda zake.

Jumatatu, 11 Agosti, asubuhi
Bashiru katuma ujumbe: kamba ya Sabra kaiona, leo kila mchambuaji atafunga robota moja mbele yake. Tangu alfajiri nafunga kamba kwenye mguu wa kitanda. Najaribu fundo la wenzangu. Mara ya kumi na tano – vidole vinarudi kulekule kwa baba.
Nikisema mimi, kazi sina. Nisiposema, Sabra hana.
Hodi. Ni Sabra. Eti kanipitia, twende wote kiwandani. Namwambia ngoja kidogo, na kamba bado iko kwenye mguu wa kitanda, fundo la baba, haitaki kufunguka.