Mayai Tisa Ndani ya Sweta ya Babu

S.L.P. 214,
Isebania.
14 Septemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Omanga,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini wewe na Dorah na watoto mu wazima, na kwamba baridi ya Minnesota bado haijaanza kuwauma. Sisi huku hatujambo. Mvua imekawia lakini mihogo imesimama, na goti langu lile limepoa. Nyanya ni mzima isipokuwa macho. Tangu Machi hayaoni chochote, hata taa. Lakini masikio yake, ndugu yangu, usithubutu kunong'ona jambo akiwa karibu.

Utashangaa kupata karatasi ilhali tunaongea kwa simu. Nyanya ndiye ameamuru. Anasema maneno ya simu huisha ikizimwa, na kwa kuwa binamu yetu Nyabuto anasafiri kuja huko Jumatano, barua ije mkononi mwake.

Habari yenyewe ni ya kanga. Nusura waishe, na wa kulaumiwa ni mimi.

Wale kanga, unakumbuka, ni uzao wa yale mayai manane tuliyookota tukipalilia shamba la Karungu. Uliyabeba ndani ya kofia ya Babu, naye akashinda na jua kichwani akicheka. Miaka thelathini hakuna asubuhi tuliyoamka bila kelele zao. Mwezi wa Julai nguchiro alimvamia jike wa mwisho kwenye ua wa nyuma ya choo. Dume akabaki akimtafuta huku akilia, hadi akafika barabarani na lori la kwenda Sirare likamgonga. Tukabaki na mayai tisa. Niliyatoa kwa kijiko cha mbao, mkono usiyaguse, kama tulivyofundishwa, ingawa mama yao hakuwepo tena wa kuchukizwa na harufu yangu.

Nilimwekea kuku wangu mwekundu ayalalie jikoni, Ijumaa ya Agosti mosi. Nikaona nafasi imebaki chini yake, tamaa ikaniponza, nikaongeza mayai matano ya kuku siku hiyo hiyo. Najua umeshashika kichwa. Yai la kuku ni siku ishirini na moja, la kanga ni ishirini na nane. La kuku huongezwa wiki moja baadaye ili yote yaanguliwe pamoja. Hilo nalijua tangu utotoni, lakini kazi ya kuhesabu ilikuwa yako. Wewe ndiye uliyechora mistari ya makaa kwenye ukuta wa jikoni, nami nikaachiwa kutega mchwa wa kulisha vifaranga kwa chungu na mavi ya ng'ombe. Ulikuwa na maringo sana na mistari yako. Siku hizi naipeza.

Siku ya ishirini na moja vifaranga vya kuku vilitoka. Kesho yake ilikuwa Sabato. Tulikwenda kanisani, tukakaa hadi ibada ya alasiri, Nyanya tukamwacha nyumbani kwa sababu ya miguu. Kuku naye alipoona watoto wake wametoka, akaamka akaenda kuwapekulia chakula. Niliporudi nilikuta kiota kitupu, hata yai moja hakuna. Nililia pale pale na nguo zangu za kanisa.

Ndipo Nyanya akaniita kutoka nyuma ya nyumba. Alikuwa ameketi juani, amejizungushia tumboni sweta ya marehemu Babu, na mayai yote tisa yamo ndani. Alimsikia kuku akiwaita vifaranga nje, akajua kilichotokea. Akapapasa ukuta hadi jikoni, akayatoa moja moja. Alikaa hivyo tangu saa nne asubuhi, bila chakula, bila kuinuka hata kwenda haja.

Nilimwuliza, "Nyanya, na Sabato je?" Maana ni yeye huyu aliyekuwa akituficha hata ufagio siku hiyo.

"Mimi sijafanya kazi," akaniambia. "Nimekaa tu."

Jua lilipotua nilikimbia kwa Mzee Wangwe, jirani yetu Mkuria, kuomba kuku anayelalia. Alinipa mmoja mweusi. "Chukua huyu," akasema. "Huyu hata ukimwekea mawe atalalia. Lakini unirudishie kuku, usinirudishie supu." Baada ya wiki moja wakatoka kanga watano. Mayai manne yaliharibika, na hayo nitayajutia kwa muda mrefu.

Sasa kuna jambo ambalo sijawahi kukuambia. Unakumbuka Baba Mdogo Mosoti aliporudi kutoka Mombasa baada ya miaka tisa? Kanga walimpigia kelele tangu langoni hadi mlangoni, kwa maana kanga humlilia mgeni na kumnyamazia mwenyeji. Wewe na mimi tulicheka hadi tukakaa chini. Nyanya akaingia jikoni, tukadhani ameenda kupika. Nilimfuata kuomba maji nikamkuta analia. Wewe leo una miaka kumi na mmoja huko.

Hawa wadogo wataanza kulia wakifika kama wiki nane. Kila Ijumaa nachora mstari ukutani, pale pale pa mistari yako, ila mimi natumia msumari ili Nyanya aweze kuugusa. Kufikia leo ni miwili. Kila asubuhi anapitisha kidole, kisha ananiuliza kama ndege za kutoka kwenu huja kila siku.

Gichana, mume wangu, anakusalimu, na watoto wanakusalimu. Mzee Wangwe anasema bado unamdai mchezo mmoja wa bao. Msalimie Dorah, uwakumbatie watoto kwa niaba yetu. Mungu wa Babu awalinde mlalapo na mwamkapo. Humu ndani nimetia unyoya wa yule jike, usiupoteze.

Neno la mwisho ni la Nyanya, ameketi hapa kando yangu na amenitaka niliandike lilivyo: "Mwambie akuje kabla hawajaanza kulia. Akichelewa watamlilia, na mimi sitaona ni nani."

Wako akupendaye, asiyejua kuhesabu,
Kezia Bonareri