Somo Ulilomficha Mchungaji

Baba,

Sikuletei salamu leo. Nimekukasirikia, na afadhali niseme mapema kabla sijalainika, maana unanijua, nikianza kulia husahau nilichokuwa nasema.

Jana mtoto wangu alikuwa abatizwe. Hukumwona, alizaliwa miezi mitatu baada ya sisi kukuzika huku ugenini. Hakubatizwa. Nilitoka naye ukumbini na gauni lake jeupe, kichwa kikavu, ushirika mzima ukitukodolea macho. Aliyemkataa ni Mchungaji, mwanafunzi wako, na alimkataa kwa somo lako.

Ngoja nikueleze vizuri. Tulipotoka hospitali mtoto alilia siku tatu. Mimi ni nesi, Baba, nilipima homa, nikakagua masikio, nikabonyeza tumbo, sikuona kitu. Senge, dada yako, akapiga simu kutoka Bungoma, akasikia kile kilio, akaniambia niweke simu karibu na sikio la mtoto. Akaanza kutaja majina ya wafu wetu, mmoja baada ya mwingine, kama mlivyofanyiwa ninyi nyote mlipokuwa wachanga. Akataja shangazi zenu. Akataja yule dada yenu aliyekufa mdogo. Kilio kilekile. Akataja Nekesa, na mtoto akanyamaza.

Sitaki kubishana nawe kama ni bahati au ni nini. Alinyamaza akalala, mimi nikaketi sakafuni nikalia badala yake. Nekesa ni mama yako. Ndilo jina uliloniomba.

Kwa sababu uliniomba, usijifanye umesahau. Ilikuwa Jumamosi ile tulipokwenda mtaa wa Cabramatta kununua ndizi za kupika. Ulisimama dukani kwa yule mama Mvietinamu ukitazama picha ya bibi kizee aliyewekewa machungwa na ubani, ukasimama mpaka nikaona aibu nikakuvuta mkono. Tulipofika nyumbani ulikaa jikoni, mimi namenya ndizi na tumbo langu lile, ndipo ukasema, "Wale hakuna aliyewavunjia."

Ukanisimulia ya kibanda. Kwamba ulirudi likizo yako ya kwanza kutoka chuo cha Biblia, ukachukua shoka, ukakivunja kibanda kidogo cha mizimu ya wazee wetu kilichokuwa mbele ya nyumba ya mama yako. Ulikuwa umesoma habari za mmisionari wa zamani huko Ujerumani aliyeukata mwaloni mtakatifu wa wapagani, wakangoja radi impige, radi isije, wakabatizwa. Ulitaka kuwa yeye. Ulikata huku ukingoja mama yako akulaani ili umshinde. Yeye alisimama mlangoni na mwiko mkononi mpaka ulipochoka, akasema, "Umemaliza? Basi ingia ule."

Ulilia, Baba. Hata Mama alipofariki sikukuona ukilia hivyo. Ulisema ulikula ule ugali, ukarudi chuoni, na hukumwomba msamaha mpaka akaingia kaburini. Ukaniambia, "Ukizaa msichana mpe jina lake, na abatizwe nalo mbele ya watu."

Halafu ukanifundisha, palepale kwenye maganda ya ndizi, mambo ambayo miaka yote ile ya ualimu wa chuo cha Biblia hukuyafundisha darasani. Kwamba Wasaksoni, wapagani wa Ujerumani, waliambiwa wachague maji ya ubatizo au upanga. Kwamba papa mmoja aliwaandikia wamisionari wake Uingereza wasiyabomoe mahekalu ya wapagani, waondoe sanamu tu na kunyunyiza maji, watu waendelee kukutana walipozoea, hata ng'ombe wao wachinje, mradi wamshukuru Mungu. Kwamba wafalme wa Wazungu hao waliingia maji ya ubatizo na majina ya babu zao wakatoka nayo, na mmoja wa Norwe, ambaye jina lake lenyewe lilihusu mababu, leo anaitwa mtakatifu. Nilikuuliza mbona wao walivumiliwa na sisi tukaletewa shoka. Ukanijibu kwamba shoka ulilishika wewe, hakuna Mzungu aliyekushikisha.

Sasa niambie. Kwa nini mimi, jikoni, mlango umefungwa? Kwa nini si yeye?

Miaka miwili ulikaa kiti cha mbele katika ule ukumbi wa shule tunaokodi Fairfield. Kila Jumapili Mchungaji alikuinamia akakuita Mwalimu. Akiuhubiri ule mwaloni wako, nawe unaitikia kwa kichwa na kutabasamu. Hata ulipolazwa hospitali ya Liverpool, hapa hapa jijini, siku ile ya mwisho uliyokuwa na nguvu, uliniomba nikunyooshee kola kwa sababu anakuja. Nikaondoka kwenda kutafuta chai makusudi, nikajua leo utamwambia. Nilichelewa mpaka chai ikapoa. Niliporudi mlikuwa mnazungumza habari za mvua ya Bungoma.

Na mimi nina kosa langu, sikatai. Akina mama wa ushirika walipokuja na uji kumwona mtoto, niliwasimulia habari ya simu na yale majina. Nilikuwa na furaha, mdomo ukaniponyoka. Kufika Jumapili, kila mtu alikuwa anajua.

Basi jana akaniuliza jina. Nikasema Nekesa. Akashusha mkono uliokuwa umechota maji, akasema kwa ile sauti yake ya upole inayoudhi kuliko matusi, "Dada, hilo jina limeitwa kwa wafu. We can't bring that in here. Sema Grace, tumalize." Nikamwambia ni wewe uliyeniomba. Akawageukia watu. "Mwalimu ndiye aliyetufundisha kuukata mti. Hawezi kusema hivyo." Ukumbi ukaitika amina.

Kwa hiyo sasa mimi ni mwongo, tena mwongo anayemsingizia marehemu baba yake. Naambiwa hivyo na mtu anayetutangazia kila wiki maombi ya Wednesday, siku iliyopewa jina la mungu wa kipagani wa Wazungu, na wewe ndiye uliyenionyesha jambo hilo ukicheka mpaka ukakohoa!

Nilirudi nyumbani nikayatoa madaftari yako yote. Nikasoma kuanzia adhuhuri mpaka mtoto akachoka kunisubiri. Nilikuwa natafuta mstari mmoja tu wa kumwonyesha. Mwaloni upo, kwa mwandiko wako mzuri, umepigiwa mstari mara mbili. Mama yako hayupo popote.

Uliogopa, Baba. Mbele ya mwanamke mwenye mwiko ulikuwa shujaa. Mbele ya kijana uliyemfundisha mwenyewe ulikosa hata neno moja, ukanitwika mimi lile uliloshindwa kulibeba, tena nikiwa mjamzito. Na bado naukumbuka mkono wako ukinipapasa kichwa ukiniita daktari wangu, ingawa ulijua mimi ni nesi, na nachukia kwamba nakukumbuka hivyo wakati nataka kukuchukia kidogo tu, hata kwa siku moja.

Mwezi ujao ni kumbukumbu yako, mwaka mmoja. Wanakuja wanafunzi wako kutoka Melbourne na Brisbane, wachungaji watupu. Neno la familia ni langu. Liliwekwa kwenye ratiba kabla ya jana na hakuna aliyethubutu kuliondoa. Walitaka nieleze ulivyokuwa mtu wa imani. Nitaeleza. Nitawasomea somo zima, pamoja na sehemu uliyoificha, na nitawaambia ulimfanya nini mama yako, ulivyojuta, na ulivyonyamaza mbele yao ili waendelee kukuita Mwalimu.

Najua heshima yako itapungua. Kuna watakaotoka kabla ya chakula. Senge ameniomba nikuache upumzike, nami nimelifikiria hilo usiku na mchana. Lakini uliniacha nichague kati ya jina lako na jina lake, na nimechagua lake. Nakuahidi binti yangu atabatizwa nalo. Ikiwa si kwao, nitakwenda kwingine, na kama ni lazima nitagonga mlango wa kila kanisa la jiji hili.

Pumzika, Baba. Nakupenda, na hasira haijaisha.

Ni mimi,
Mama Nekesa