Kanda Mbovu za Baba

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu tukuzike, na hasira bado haijatutoka. Tulishauriwa tungoje ipoe ndipo tuandike. Tumengoja na haipoi, kwa hiyo tunakuandikia ikiwa ya moto. Wanaosoma pembeni wasome tu, maana wamo wanaohusika.

Aliyeshika kalamu ni mimi, binti yako mkubwa, mwalimu wa udereva. Mdogo wangu kinyozi alitaka kuandika yeye kwa sababu ana maneno laini. Mama akamwambia, "Mwachie dada yako. Hili halimtaki mtu mpole."

Tuanze na mazuri, ndiyo adabu. Ulikuwa fundi wa friji usiyeweza kupita mbele ya friji inayonguruma vibaya bila kusimama, hata tukiwa ugenini, hata ukiwa umevaa suti. Unainama, unatega sikio, unamwuliza mwenye nyumba kama ana bisibisi. Mteja akitaka kujua nini kimeharibika ulimjibu, "Friji yako imechoka kufunguliwa na watu wasiojua wanatafuta nini." Kisha unaitengeneza, na ukiondoka unamwachia mlango wake umefutwa.

Na sauti ulikuwa nayo. Mtaani walikuita Spika. Ukimwita mtoto wako mmoja walikuwa wanatoka na wa majirani. Ukicheka karakanani kwako nyuma ya nyumba, tulikusikia jikoni na tukaanza kucheka kabla ya kujua kuna nini.

Halafu kulikuwa na Malkia wa Taa. Asiyemjua, ni yule mwimbaji wa disko aliyewachezesha ninyi nyote mliokuwa vijana wakati wa suruali pana. Nyimbo zake chache zilitoka kwenye santuri. Zile alizoimba redioni, kituo kilizifuta siku walipokosa kanda za kurekodia hotuba. Kilichobaki ni kile ambacho watu kama wewe mlikinasa wenyewe majumbani. Mama hakuwahi kumtaja kwa jina. Alimwita mke mwenzangu.

Kila Jumamosi mchana uliweka redio juu ya kabati na mashine ya kaseti juu ya stuli mbele yake, ukapiga goti moja, kidole kwenye kitufe. "Nyamazeni, anaingia." Na kwa kuwa mashine ilinasa kila kitu chumbani, ndipo kila kitu kilipotokea. Sufuria ilianguka. Jirani alipiga hodi. Mdogo wangu, aliyekaa kimya tangu asubuhi, alitaka kujua kama samaki wanalala. Mama alikohoa, na huyu mama yetu hakuwa na kikohozi siku nyingine yoyote ya wiki.

Wewe nawe ukafoka kwa sauti kubwa kuliko hicho kilichoharibu. Wimbo mmoja uliweza kukugharimu Jumamosi nyingi. Hata ule ukumbi wa disko ulioutengenezea friji ya vinywaji, ujira wako ulikuwa kusimama karibu na jukwaa na mashine yako kifuani, na bado ukaja kulalamika kwamba mtu alipiga chafya.

Kanda zilizotoka safi ziliingia sanduku moja. Zile tulizoziharibu ziliingia sanduku la pili, na juu yake ukaandika kwa wino mzito: MBOVU.

Miaka sita kabla hujafa koo liliugua. Madaktari wakakutoa sauti ili wakuachie uhai. Tangu hapo ulizungumza kwa spana. Ukiigonga mezani mara moja, ndiyo. Mara mbili, hapana. Mara nyingi mfululizo, huyo mteja aondoke. Mjukuu wako alizaliwa katika miaka hiyo, akakua akijua kwamba mababu hawana sauti, wana spana.

Ni wakati huo tulipoanza kukukuta karakanani, mlango umeegeshwa, unasikiliza kanda. Tulidhani ni Malkia. Tulipochungulia, sanduku lililokuwa wazi lilikuwa lile la mbovu. Ulikuwa unatikisika mabega kwa kicheko kisichotoka. Nilipomwuliza Mama, alisema, "Mwacheni. Anajisikiliza."

Sasa tufike kwenye hasira.

Siku ya msiba alikuja Mwenyekiti wa chama chenu cha wapenzi wa Malkia wa Taa, yule muuza miwani. Alilia kuliko sisi wafiwa. Akamshika Mama mkono akamwambia, "Shemeji, zile kanda zisikae hapa, unyevu utazila. Nipe nizitunze, nizisafishe, kila mtu azipate." Mama saa hiyo alikuwa hajui hata amekalia kiti cha nani. Baba mdogo ndiye aliyefungua karakana. Akabeba masanduku yote mawili hadi kwenye gari, akarudi anajipangusa mikono kama mtu aliyetusaidia. Kukopa harusi, kulipa matanga, ndivyo walivyosema wahenga. Mwenyekiti alikopa matangani kabisa.

Miezi ikapita ndipo akarudi, shati limenyooshwa, na flashi ndogo mfukoni. Akatuwekea. Malkia aliimba utadhani amesimama sebuleni kwetu, peke yake, hakuna sufuria, hakuna hodi. Mama alisikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho.

"Ameimba vizuri," akasema. "Na lile sanduku jingine?"

"Lipi, shemeji?"

"La mbovu."

"Aa, zile zilinifaa sana. Kanda tupu siku hizi hazipatikani, si unajua. Nikawarekodia wanachama nyimbo safi juu ya zile mbovu. Hakuna kilichopotea."

"Mume wangu alikuwamo mle."

Akacheka, akidhani ni utani wa shemeji. Alipoona hakuna anayecheka naye, akanyoosha mikono. "Lakini ameandika mwenyewe, shemeji, herufi kubwa. Mimi ningejuaje? Basi, yaliyopita si ndwele."

"Si ndwele kwako," Mama akamwambia.

Alipoondoka Mama alibaki pale pale, kikombe mkononi. Miaka yote hiyo alikuwa anatania. Siku hiyo hakutania alipotuambia, "Leo mke mwenzangu kanishinda. Amemfunika mpaka sauti."

Tulikukasirikia hata wewe, Baba, na tunakwambia waziwazi. Ulikuwa na mkono wa kuandikia. Ungeshindwa nini kuandika HAWA NI WANANGU, ukaandika mbovu? Mama ndiye aliyetufumbua macho. Kila kizuri chako kilichoazimwa hakikurudi, kuanzia ngazi hadi koti la mvua. Uliandika mbovu ili watu wasiziombe. Uliwadanganya waazimaji wote, na uongo wako ndio uliompa mmoja wao kisingizio. Kwa muda fulani tulinyamaza kwa ajili hiyo. Tulisema, tutamshtaki mtu kwa kusoma mwandiko wa baba yetu?

Mwezi uliopita akapiga simu mwanamke mmoja, mshona mapazia, mwanachama wa chama chenu. Aligawiwa kanda moja. Huwa anaisikiliza akiwa kwenye cherehani, wimbo ukiisha anaizima. Siku hiyo mikono ilikuwa imejaa kitambaa, akaiacha iendelee. Wimbo ukaisha, pakawa kimya kidogo, kisha mwanamume akafoka ndani ya chumba mpaka mshonaji akajichoma sindano.

"Nilidhani mume wangu amerudi," akaniambia, "na mimi ni mjane. Kisha nikaitambua sauti ya Spika."

Akaileta siku hiyo hiyo, kidole kimefungwa kitambaa. Kumbe wimbo mpya haukufika mwisho wa kanda, na mkia wa ile ya zamani ulikuwa umesalia. Nikaigeuza mkononi kabla ya kuiweka kwenye mashine. Kila kanda ina vimeno viwili vidogo mgongoni. Ukivivunja, mashine inakataa kurekodi juu yake. Hilo kila mkusanyaji analijua, na Mwenyekiti analijua kuliko wote kwa sababu ndiye anayewafundisha wageni. Vimeno vya kanda hiyo ulikuwa umevivunja. Mtu havunji vimeno vya kanda asiyoitaka. Na juu ya matundu yake palikuwa na selotepu, imekatwa kwa mkasi na kubandikwa kwa uangalifu, ili mashine idanganyike.

Kumbe alijua. Mwandiko wako ulimwambia ni mbovu, na mkono wako ulimwambia asiguse. Yeye akachagua kusikia kile kilichomfaa, akaja sebuleni kwetu kumwuliza mjane angejuaje. Nilimpigia simu nikamsomea hayo. Akasema nina jazba, nipumzike, tutaongea nikitulia. Mimi nafundisha watu kuendesha magari, Baba. Nimekaa pembeni ya waliochanganya breki na mafuta na sijawahi kutulia kiasi nilichotulia siku hiyo nilipomwambia asinikanyagie mlango.

Mwenyekiti, unasoma. Hatutaki pole yako tena, uliitoa yote siku ya msiba. Tunataka kujua kanda zile umempa nani na nani.

Nanyi wanachama mliopewa kanda hizo, mkiona selotepu mgongoni, hiyo ni yetu. Msirekodi kitu juu yake, wala msiifute. Wimbo ukiisha, iacheni iendelee, kisha mtuletee. Nyumba yetu mnaijua, ile yenye friji tatu mbovu barazani ambazo hakuna mwenye moyo wa kuzitoa. Malkia mbaki naye, hatumdai. Tunataka kinachokuja nyuma yake.

Tuliisikiliza sote, Baba. Mama alikaa karibu na mashine. Mdogo wangu alifunga duka lake la kinyozi mapema. Baba mdogo alisimama mlangoni, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aketi. Mjukuu wako alikuwa sakafuni na spana yako, haendi tena popote bila hiyo. Malkia akaimba mpaka akamaliza. Pakawa na mkwaruzo. Ukaingia wewe.

"Nimesema nyamazeni. Mama watoto, hiyo sufuria haiwezi kungoja?"

Na sauti ya Mama, nyembamba, ya msichana tuliyekuwa hatumkumbuki: "Imengoja tangu asubuhi. Mwulize mke mwenzangu kama anakuja kuiosha."

Mtoto akauliza kama samaki wanalala. Kitu kikaanguka. Tukajua sasa unafoka, tukajikunja kabisa, watu wazima na nyumba zetu. Hukufoka. Ulicheka kile kicheko cha kusikika mpaka jikoni, kisha ukasema, "Basi, imeshaharibika. Ongeeni tu."

Kanda ikaishia hapo.

Mjukuu wako akatutazama mmoja mmoja. "Huyo ni nani?"

"Babu yako," Mama akasema.

Akafikiri. "Anapiga kelele."

"Sana," Mama akamjibu, akamwonyesha kitufe cha kurudisha nyuma.

Wameirudia mpaka tumeificha isikatike. Mtoto sasa anazunguka nyumbani akitufokea tunyamaze, spana mkononi, na hatujui tumkanye kwa lipi. Ile selotepu nimeibandua kwa kucha zangu, matundu yamebaki wazi kama ulivyoyaacha.

Hasira haijapoa, tusikudanganye. Uliacha sanduku zima la sauti yako, tumerudishiwa kipande kidogo kuliko muda wa kufunga kamba za viatu, na aliyetufanyia hivyo bado anaitwa mtunzaji. Tutaipiga kila kanda itakayoletwa, mpaka mwisho, hata isipokuwa na kitu.

Wanaokukumbuka: mama watoto wako, aliyekohoa kwa makusudi na amekubali leo mbele ya watu, binti yako mkubwa, mwanao kinyozi, ambaye bado hajajibiwa kuhusu samaki, mkwe wako, mjukuu wako, mwenye spana. Na mdogo wako, baba yetu mdogo. Mama alilifuta hilo la mwisho, akalala nalo, asubuhi akaliandika upya.

Daima tutakukumbuka, Baba. Ulituambia tuongee tu, na ndivyo tunavyofanya.