Habari Niliyoing'oa Ukutani

Kijiji cha Kitahana,
Kibondo, Kigoma.
14 Septemba, 1975

Mpendwa dada Immakulata,

Tumsifu Yesu Kristo. U hali gani huko Morogoro, na wapwa zangu je? Kifua cha shemeji kimepona? Sisi tu wazima. Mama amepungua kukohoa, jana alishika jembe mwenyewe.

Dada, nina kidonda rohoni. Unalijua lile gazeti la vijijini linaloletwa kila mwezi, nakala moja tu, likabandikwa ukutani pa ofisi ya kijiji. Safari hii walitoa makala yangu, "Kitahana Yasonga Mbele". Nilieleza kaya zote zilizohamia kijiji hiki kipya, visima, hata vyoo. Pembeni yake kulikuwa na kipande cha Nestori, karani wa ghala la chama cha ushirika, yule aliyeishia darasa la nne: "Mjane Abeba Mlango Kichwani".

Nilisimama pale asubuhi nzima nikijifanya namsubiri katibu. Yangu hakuna aliyesoma hata mstari! Kila aliyefika aliona mlango tu.

"Mlango gani huo? Kwa nini asiuache?"

Wakasukumana mpaka wajue mwisho wake. Kumbe ni Mama Esteri. Siku ya kuhama aliung'oa mlango wa nyumba ya zamani kwa kuwa marehemu mumewe aliuchonga wiki ile aliyofariki. Wanawake walifuta machozi. Nestori akapewa mikono kama bwana arusi.

Kinachoniuma zaidi, siku ile ya kuhama nilipishana na Mama Esteri njiani. Mlango niliuona kwa macho yangu. Nilikuwa na daftari mkononi, nikaandika "kaya moja", nikapita.

Basi watu walipotawanyika nililing'oa lile gazeti, nikalificha ndani ya shati.

Kesho yake Mama Esteri akaja ofisini. Ni mwanafunzi wangu wa kisomo cha watu wazima, alitaka kulisoma jina lake mwenyewe. Akakuta ukuta mtupu.

"Basi, nimechelewa," akasema, akageuka.

Sikuweza kuvumilia. Nilimwita, nikakimbia nyumbani, nikamletea, na Nestori yupo pale pale ananitazama. Mama Esteri akaweka kidole: "Ma-ma E-ste-ri." Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, na wewe uliniona siku ile. Mbona hukuniuliza?"

Nikalibandika tena gazeti ukutani. Nestori nilimwomba radhi, akapokea. Lakini nikimwona na ile kalamu yake sikioni roho bado inanichoma, sikufichi.

Sasa niambie kweli, usinihurumie kwa kuwa mimi ni mdogo wako: zile makala zangu ninazokutumia, huwa unazisoma hadi mwisho?

Nisalimie shemeji Venanti, na shangazi Pelagia ukimwona. Mama anawabariki nyote, anasema Mungu awafunike kwa mkono wake, mvua na jua.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Makarius